Maneno Yaliyofungiwa Ndani ya Programu

Shangazi yangu alituhumiwa wizi kwa sababu ya sentensi moja ya Kiingereza. Hakufikishwa mahakamani, alisimamishwa mbele ya wanawake wenzake, wakaangaji samaki wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichopo kati ya jiji la Tanga na mji wa Pangani. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Siku ya mgao, simu ya kikundi ilionesha fedha ambazo sandukuni hazikuwamo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu, lakini macho yote yalimgeukia mmoja, yule aliyeshika simu.

Programu iliyokuwamo katika simu ile iliandikwa na kijana niliyepata kumfundisha. Kila mtandao uliposuasua, ulijitokeza mstari mwekundu wa Kiingereza uliosema kwamba mchango umekwisha kuhifadhiwa, usirudie. Shangazi, msomaji mzuri wa Kiswahili na wa Kurani, aliona wekundu akadhani mchango umekataliwa. Akabonyeza tena. Mchango mmoja ukaandikwa mara mbili, pengine mara tatu.

“Mwanangu,” aliniuliza, “kama kilikuwa kikinikataza, mbona hakikusema?”

Nilimwita kijana. Alifika, akatoa shikamoo, akaketi mkekani kwa aibu. “Mwalimu, nitayatafsiri maneno yote,” alisema. “Ni kazi ya jioni moja.” Alipoifungua kompyuta yake, sote wawili tuliona kwamba haikuwa hivyo. Maneno ambayo shangazi alipaswa kuyasoma yalikuwa yametawanyika katika maelfu ya mistari ya msimbo, yamechanganyika na amri za mashine ambazo ukizigusa programu yote hufa. Kabla ya kutafsiri, ilitubidi kwanza kuyachopoa.

Ndugu msomaji, ufundi wa kuchopoa si mgeni duniani. Zana huria iitwayo gettext, ya mradi wa GNU, ilitolewa mwaka 1995. Mwandishi wa programu huweka alama kando ya kila sentensi itakayosomwa na binadamu. Kisha chombo hupita katika msimbo, hukusanya sentensi zote zenye alama na kuziandika katika faili moja, asili juu na nafasi tupu chini. Mfasiri hujaza nafasi zile bila kuhitaji kujua msimbo. Programu inapowashwa, huuliza mtumiaji amechagua lugha gani, ikachota maneno humo. Atakaye Kidigo au Kisambaa kesho atajaza faili jingine, na msimbo utabaki ule ule.

Tulipoanza kuweka alama, sarufi ya Kiswahili ilitufunulia kosa la pili. Kijana alikuwa na sentensi moja ya Kiingereza yenye pengo, na katika pengo hilo programu ilipachika jina la kitu kilicholipwa. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki. Kwetu, mkopo umelipwa, faini imelipwa, deni limelipwa, kiingilio kimelipwa. Sentensi moja ilibidi iwe nne, kila moja ikiwa kamili. Aliyedhani kwamba lugha zote hufuata upatanisho mmoja alikuwa ameifungia Kiswahili mlango bila kukusudia.

Kosa la tatu lilikuwa zito zaidi. Faili lililochopolewa lilikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo mfasiri yeyote wa haraka angeliandika “riba”. Lakini kikundi cha Kigombe hakitozi riba. Wanawake wale wanaiona kuwa haramu. Wanachotoza ni mchango wa huduma, wa kiasi kimoja kwa kila mkopo. Neno likishatolewa mahali pake hupoteza jamaa zake, kama samaki aliyekwisha kukatwa kichwa: huwezi tena kumtambua kwa hakika. Kwa sababu hiyo mwandishi wa programu huruhusiwa kuambatanisha maelezo kwa mfasiri, kwamba neno hili liko wapi na linasema nini. Kijana hakuwa ameandika hata moja. Tukaenda kuwauliza wenyewe.

Wala tusijisingizie kwamba jambo hili halijafanywa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Yaliwezekana hayo kwa kuwa waandishi wa awali waliuacha msimbo wazi na maneno yake yakachopoleka. Watu wa mbali waliacha mlango wazi kwa ajili yetu. Kijana wetu, mzaliwa wa pwani aliyozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, aliufunga kwa watu wa nyumbani kwake.

Simlaumu peke yake. Ni mimi niliyemfundisha, na katika miaka yote ya darasani sikupata kumuuliza: nani atakayesoma haya? Tulisahihisha mantiki na kasi ya programu, tukayaacha maneno kana kwamba ni rangi ya ukutani.

Nawageukia watumishi wa umma wanaosoma hapa. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ilikuwa haki, kwa sababu mtu hawezi kutii amri asiyoielewa. Leo amri nyingi hutolewa na kioo cha simu: lipa, subiri, usirudie, umekosea. Mnapoagiza mfumo, andikeni katika mkataba kwamba kila neno litakalosomwa na mwananchi liwekwe alama, liweze kuchopolewa na liambatane na maelezo yake. Mwanzoni gharama ni ndogo. Baadaye, kama tulivyoona mkekani, ni kufumua nyumba ili kubadili vitasa.

Wanafunzi wangu, nanyi msingoje mkataba. Wekeni alama tangu mstari wa kwanza.

Kumbukumbu za simu zilionesha saa na dakika ya kila mchango uliojirudia, nasi tukazisoma kwa sauti mbele ya kikundi. Hesabu ya sanduku ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Wanawake walimwomba radhi shangazi, naye akapokea. Lakini ufunguo aliokabidhiwa tena aliukataa. Alisema atausubiri mpaka aione simu ikisema naye.

Wiki iliyofuata kijana alimpelekea toleo jipya. Akalijaribu, mstari mwekundu ukatokea: “Mchango huu umekwisha kuhifadhiwa. Usirudie.” Akausoma mara mbili, akaiweka simu chini, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.