Nani Aliishi Mbugani?

Agosti iliyopita sisi ndugu wawili tuliendesha gari kutoka Silver Spring, Maryland, hadi Sioux Falls, South Dakota, takriban kilomita 2,000. Mjomba anaishi huko, na Bibi alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Mugumu, wilaya ya Serengeti. Tulikuwa hatujaonana naye kwa miaka tisa, na Kiingereza hajui.

Baada ya siku mbili za pilau na maswali ya ndoa, tulimpeleka kwenye hifadhi ya Badlands. Nyasi zilianzia barabarani zikaishia mawinguni. Bibi aliwapa wanyama majina ya kwao: swala, pimbi, kwa wale wadogo wanaobweka kwenye mashimo yao, na nyati. "Lakini nyati huyu," alisema, "mbona kavaa blanketi?"

Kisha akauliza mbona ni wachache, na nani aliishi hapa. Mama hakuwepo wa kututafsiria. Tukaeleza wenyewe, tukipeana maneno: kwamba nyati hao walikuwa mamilioni, kwamba kufikia mwisho wa karne ya 19 walibaki karibu elfu moja tu, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya ngozi, kwamba walipokwisha, Walakota walikosa chakula. Hawa wa Badlands walirudishwa mwaka 1963. Tena mwaka 1942 jeshi lilichukua sehemu ya ardhi ya Walakota ya Pine Ridge kufanyia mazoezi ya mabomu, na familia 125 zikahamishwa.

Bibi alinyamaza kidogo. "Kumbe na huku," akasema. Akatusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiwinda nyumbu karibu na mto Grumeti, hadi siku alipoambiwa kwamba pale si pake tena. Kwamba Wamaasai walihamishwa Serengeti kwenda Ngorongoro mwaka 1959, tulikuwa tumesoma. Habari ya baba yake Bibi hatukuwahi kuisikia, wala Mama hakuwahi kuitaja.

Darasani tumefundishwa kwamba mbuga ni nyasi na wanyama. Siku hizi tukilisikia neno hilo, tunaanza na swali la Bibi. Nanyi wenzetu wenye mabibi na mababu, wapigieni simu wikiendi hii muwaulize kwa Kiswahili, hata kiwe cha kuungaunga. Chetu kilitosha.