Bibi Aione Bahari

Kila likizo ya Juni ilipokaribia, nyumbani kwetu Dodoma yalirudi mazungumzo yale yale: "Mwaka huu lazima tuwapeleke wazee Dar es Salaam wakaione bahari." Mara zikaja ada za shule, mara zamu za usiku hospitalini, mara harusi ya ndugu, nasi tukasema, "Basi, mwakani." Mwaka 2021 Babu wa watoto wetu alifariki. Alisoma habari za bahari shuleni akiwa mtoto, akazisimulia maisha yake yote, lakini hakuiona. Bibi hakutulaumu hata kwa neno moja, na kimya chake ndicho kilichotuuma.

Safari tuliyoifanya na Bibi Juni 2025 ilikuwa ya siku tatu tu, lakini maandalizi yake yalianza Januari. Kila mwezi tuliweka fedha kidogo katika bahasha nne: nauli, malazi, chakula na dharura. Bahasha ya dharura tuliapa kutoigusa, hata watoto wakilia.

Kisha tuliketi mezani wote watano, kila mmoja akachagua jambo moja. Binti yetu wa miaka 13 alichagua Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa alisoma darasani juu ya fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959. Mdogo wake alitaka kupanda pantoni ya Kigamboni. Bibi alitaka bahari, na kusali katika kanisa la Azania Front, ambalo alikuwa akiliona kwenye kalenda miaka mingi.

Jambo gumu lilikuwa ndugu. Tunao Tegeta, Gongo la Mboto na Temeke. Ukifika mjini usiwatembelee, umekosa adabu. Ukiwatembelea wote, siku tatu zimekwishia kwenye foleni. Bibi mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Aliwapigia simu, akasema, "Nakuja wanangu, lakini miguu yangu haiwezi kuzunguka mji. Jumapili mchana tukutane wote Temeke kwa dada yenu." Hakuna aliyenuna. Nasi tulifungasha karanga, ubuyu na mlenda mkavu, ili tusiende mikono mitupu.

Tulisafiri kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kwa basi tungekaa njiani karibu siku nzima; kwa treni ni kama saa nne. Kwa mzee ambaye miguu yake huvimba, hiyo si anasa. Hata hivyo tulimwinua Bibi kila baada ya saa moja, akatembea kidogo ndani ya behewa. Kata tiketi mapema, maana wakati wa likizo hujaa, na usisahau vitambulisho. Dawa za presha zikae katika mkoba wa mkononi, si katika begi kubwa. Mtoto naye awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya wazazi.

Tulilala katika hosteli ya kanisa katikati ya mji, chumba kisafi chenye vyandarua. Ijumaa alasiri tulikwenda Makumbusho kwa miguu polepole. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1940, na bustani ya mimea iko karibu, kwa hiyo Bibi alipochoka tulipata kivuli. Siku ikaisha vizuri.

Jumamosi tukaharibu wenyewe. Siku ile ilikuwa ya bahari, lakini tamaa ya vitenge ikatuingia. Tukasema, "Tupite Kariakoo saa moja tu." Jua likawaka, watu wakasukumana, na Bibi, ambaye kwa furaha hakumaliza hata chai ya asubuhi, akashika ukuta na kusema dunia inazunguka. Mwenye duka mmoja alitupa kiti. Mmoja wetu ni muuguzi na kipimo cha presha kilikuwa mkobani, lakini mikono ilitetemeka kama ya mwanafunzi. Presha ilikuwa imeshuka. Tulimpa maji na kitu cha kula, tukachukua teksi kwa fedha ya dharura, tukarudi kumlaza. Hatukusemezana. Kila mmoja alikuwa akiwaza jambo lile lile: huyu naye atarudi nyumbani bila kuiona?

Saa tisa aliamka, akafunga kilemba chake. Tulipopima tena, presha ilikuwa nzuri. Akauliza, "Mnangoja nini?"

Saa kumi jua likiwa limepoa tulivuka kwa pantoni. Ni dakika chache tu, lakini mtoto wetu mpaka leo anaisimulia kama safari ya Ulaya. Ng'ambo tukachukua bajaji hadi ufukweni. Bibi alisimama mchangani muda mrefu bila kusema. Kisha aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema. "Kumbe ni chumvi kweli," akasema. "Miaka yote nilimbishia yule mzee." Akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nasi hatukujizuia.

Jumapili tulisali Azania Front, kanisa lililojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 120 iliyopita, kisha tukaenda Temeke. Ndugu walijaa uani, na Bibi aliisimulia bahari kana kwamba wao hawakai Dar es Salaam. Jioni tukapanda treni kurudi.

Mama mwenzetu, panga jambo moja kubwa kwa siku moja, wala usiongeze la pili njiani. Toka asubuhi na alasiri. Mchana wazee na watoto walale. Kila mtu ale kabla ya kutoka. Na kama nyumbani mwako yupo mzee anayesubiri "mwakani", anza bahasha mwezi huu, hata kwa fedha ndogo. Ya Babu hatukuianza mapema, na hilo bado linatuuma.