Sentimita 12

Nikiutanua mkono wangu wa kushoto mpaka ngozi ivutike, kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi ncha ya kidole cha mwisho ni sentimita 12. Nimepima mara tatu kwa rula. Kwenye gitaa la besi la kawaida, umbali kutoka freti ya kwanza hadi ya nne unakaribia sentimita 13. Sentimita hiyo moja ndiyo iliyonipeleka kwa mtaalamu wa viungo mwezi Januari, kifundo cha mkono kikiwa kimevimba na kidole gumba hakiwezi kufungua chupa ya maji.

Mtaalamu hakunikataza kupiga. Alisema tu kwamba mkono mmoja umebebeshwa kazi mbili, kuchapa kwenye kompyuta na kubana nyuzi, na kwamba nikiendelea kuunyoosha vile kila wiki, utagoma kufanya zote mbili.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika isimu, hapa Dar es Salaam. Kazi ya kwanza ya mkono ni tasnifu. Ya pili ndiyo inayolipa chumba: kila Ijumaa napiga besi katika bendi ya watu sita, zilipendwa tupu, kwenye baa moja ya Sinza. Jumapili napiga kwaya kanisani, na huko malipo ni chai na maandazi. Besi zote mbili zilikuwa za kuazima, ya bendi ina nyuzi nne, ya kwaya ina tano, na zote ni ndefu. Nilihitaji yangu, na nilihitaji ile ambayo ningeweza kuipiga bila kupoteza mkono.

Kila niliyemwomba ushauri alianza na swali lilelile: unampenda mpiga besi gani? Nikawataja. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown miaka ya 1960. Bakithi Kumalo wa Soweto, ambaye besi yake isiyo na freti inasikika kwenye albamu ya Graceland ya mwaka 1986. Majibu yalikuja haraka. Wa Jamerson ni Fender Precision, nunua hiyo au nakala yake. Wa Kumalo ni isiyo na freti, ila hiyo ni ngumu, dada, utaiweza? Ni ushauri wa jezi: ukimpenda mchezaji, nunua namba yake mgongoni.

Nilipowasoma hao ninaowapenda, niliona mambo yalikwenda kinyume. Jamerson alianza na ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama, na alipohamia kwenye ya umeme alihama na mkono wake uleule: mkono wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, cha shahada, juu ya nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo, zenye sauti nene inayokatika mapema. Paul McCartney ni mashoto. Alipokuwa Hamburg mwaka 1961 alinunua besi ya Höfner yenye umbo la fidla kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, na kwa sababu pande zake mbili zinafanana, hivyo hata ikigeuzwa kwa mtu wa mkono wa kushoto haionekani kama imeshikwa kichwa chini. Ni besi fupi. Leo watu wanainunua kwa ajili ya sauti yake. Yeye alianza na mkono na mfuko.

Na huo urefu tunaouita wa kawaida una mwanzo wake. Leo Fender alipotoa Precision mwaka 1951, aliipa inchi 34, yaani kama sentimita 86, kutoka pale nyuzi zinapoanzia juu ya shingo hadi kwenye daraja chini. Wengi wamemfuata tangu hapo. Ni urefu mzuri, unaifanya nyuzi ya chini ikaze na isikike wazi. Lakini haukutoka kwenye mkono wangu.

Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho ningemshauri mwanafunzi yeyote wa utafiti akifanye kabla hajajenga hoja: nikakusanya data. Kwa wiki tatu niliweka simu juu ya spika na kurekodi kila nilichopiga, Ijumaa na Jumapili. Usiku nilisikiliza kwa kalamu na daftari. Sikuuliza kama nimepiga vizuri. Niliuliza nimepiga nini: nyuzi ipi, freti ya ngapi, noti imeachwa ilie kwa muda gani.

Daftari lilinieleza mtu ambaye nisingeweza kumwelezea kwa maneno. Juu ya freti ya kumi na mbili sikwendi karibu kabisa. Kupiga kwa gumba, ule mgongo wa gumba unaogonga nyuzi mpaka ilie kama bati, hakumo hata mara moja. Noti zangu nyingi ziko kati ya freti ya kwanza na ya tano, sehemu ileile ambayo freti zimeachana zaidi. Na noti nyingi ni fupi. Katika nyimbo za dansi besi haitembei mfululizo kama mtu aliyechelewa daladala. Inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, halafu inarudi mahali ambapo mchezaji hakuitegemea, na hapo ndipo kiuno kinapohama. Wimbo ukiingia kwenye chemko, ule unyamavu unakuwa muhimu kuliko noti zenyewe. Nilikuwa natumia nguvu nyingi kuzima nyuzi kuliko kuzipiga.

Nyuzi ya tano, ile nene ya chini kabisa, niliigusa katika nyimbo za kwaya peke yake, na hata huko si zote. Ni zile ambazo juu ya karatasi mwalimu ameandika Do ni Eb, au Do ni D. Do ya chini hapo inashuka chini ya E, na besi ya nyuzi nne haina noti hiyo mpaka uilegeze nyuzi.

Ijumaa moja nilimwonyesha daftari mzee mmoja aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi, ambaye huja kusikiliza na soda yake moja. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya mkono. Alisoma kurasa mbili, akacheka kidogo.

"Mwanangu, hapa umeshajijibu. Ila usinunue besi ukiwa umekaa. Vaa mkanda, simama nayo nusu saa, ndipo uulize bei."

Kariakoo nilikwenda Jumatano tatu mfululizo. Duka la kwanza muuzaji alinishushia ya nyuzi tano, yenye betri ndani ya kuongeza nguvu ya sauti, akaichomeka, akaanza kuigonga kwa gumba mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. "Dada, chukua hii. Ukipanda nayo jukwaani hakuna atakayekuuliza kitu." Nilimwomba aichomoe. Besi isipochomekwa haiwezi kukudanganya kwa ukubwa wa spika, unaisikia kwenye mbavu pale mbao inapokugusa, na unasikia vidole vyako vinavyohangaika. Nikasimama nayo. Dakika ya kumi na mbili bega la kushoto lilikuwa limeshaanza kulalamika.

Niliyoinunua nilikuta imetundikwa nyuma ya duka la tatu, pamoja na magitaa ya watoto. Imetumika, ina nyuzi nne, mkwaruzo mrefu mgongoni, na urefu wa inchi 30. Muuzaji alisema ni ya mwanafunzi wa kujifunzia. Nikatoa rula. Freti ya kwanza hadi ya nne: sentimita 11 na nusu hivi. Nikaivaa, nikasimama nusu saa nikipiga polepole nyimbo za Ijumaa bila umeme, huku muuzaji akihudumia wateja wengine na kunitupia jicho. Kidole cha mwisho kilifika kwenye freti ya nne bila kifundo kupinda. Ndipo nikauliza bei. Laki nne na nusu, tukashuka hadi laki nne.

Besi fupi ina gharama zake, na si haki kuzificha. Nyuzi ya unene uleule, ikityuniwa kwenye noti ileile, hukazwa pungufu kwa takriban asilimia 22 kwenye inchi 30 kuliko kwenye inchi 34. Hiyo ni nafuu kwa vidole, lakini nyuzi ya E inakuwa na ulegevu fulani, sauti yake ni ya mviringo, haina ile ncha inayopenya katikati ya ngoma na tarumbeta. Ukiilegeza zaidi hadi D, inayumba kama kamba ya kuanikia nguo. Nimeiwekea nyuzi bapa, na karibu na daraja nimesukuma kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chini ya nyuzi, ili noti zife mapema zenyewe. Hata besi za kwanza za Fender zilikuwa na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja. Kwa nyimbo za Ijumaa, sauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta kwa kiganja miaka yote.

Kwa kwaya ilikuwa habari nyingine. Nilimfuata mwalimu baada ya mazoezi, nikamweleza kwamba siwezi tena kupiga ile ya nyuzi tano.

"Na nyimbo za Pasaka?"

"Nitazipiga zote, mwalimu, isipokuwa mbili za Eb. Nikizipandisha juu zitapoteza uzito, na wewe utasikia."

Hakufurahi, na hakujifanya amefurahi. Juma lililofuata alimleta kijana wa kidato cha sita, mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda, akampa besi ya kwaya. Nilimfundisha nyimbo zile mbili mwenyewe, kila jioni kwa wiki nzima. Alizishika haraka kuliko nilivyozishika mimi, na kusema kweli hilo halikunipendeza siku ya kwanza.

Mkono haujapona kabisa. Siku za kuchapa sana naufunga bandeji, na nimejifunza kuacha kabla haujaniambia. Lakini sura ya tatu ya tasnifu imekamilika, na Ijumaa sijakosa hata moja tangu Februari. Mzee wa soda hajasema lolote kuhusu besi yangu. Siku hizi katika chemko huwa anainuka na kucheza.

Siku ya Pasaka, ilipofika zamu ya nyimbo za Eb, niliiweka besi yangu kwenye kitako chake na kwenda kusimama na sauti ya pili. Sikuwahi kuzisikia nyimbo zile nikiwa upande huo. Kijana alipoigusa ile Do ya chini, ilipita kwenye sakafu ya mbao ikapanda miguuni, na wanawake wawili mbele yangu wakageuka kutafuta inakotoka. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyokuwa nikiipiga. Nikafungua kinywa, nikaimba, daftari la nyimbo likiwa mkono wa kushoto. Haukuuma.