Asilimia Isiyotaja Kiyeyushi

Maisha yangu ya kazi yamepita katika maabara ya kiwanda cha karatasi, nikipima utomvu uliosalia kwenye rojo la misindano, na nimefikia msimamo huu: tunachopima si utomvu wenyewe, bali ni kile ambacho kiyeyushi kimekubali kukichukua. Etha ya petroli hupendelea mafuta na vitu vya jamii yake. Asetoni haichagui sana; pamoja na mafuta hubeba fenoli, sukari kidogo na vipande vya lignini. Asilimia ya kilichoyeyuka inapanda, lakini tabia nayo inabadilika. Masalia ya asetoni yakikauka mara nyingi huwa ya kahawia na humeguka yakikwaruzwa, ilhali yale ya etha hubaki laini, na ukiyagusa kwa ncha ya kijiti cha kioo huvutika kama uzi. Rojo ni lile lile. Asidi za utomvu zikiwa peke yake ni ngumu, zinahitaji mafuta ya kuzilainisha, na utomvu hunata pale katikati tu: ukiwa mwepesi mno hutiririka, ukiwa mgumu mno haushiki. Anayechagua kiyeyushi anachagua mahali pa kusimama kati ya ncha hizo mbili, ajue asijue.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba ukitumia kiyeyushi kimoja siku zote, unaweza kulinganisha, na kulinganisha kunatosha. Naikubali nusu. Inasimama maadamu utomvu wenyewe haubadiliki, nao hubadilika. Maji yakiwa na chokaa nyingi, asidi za mafuta huungana na kalisi kuwa sabuni ambayo asetoni haiiyeyushi vizuri mpaka rojo litiwe asidi kwanza. Hapo asilimia hushuka huku wavu wa mashine ukizidi kuchafuka, na meneja anafurahia ripoti. Sisemi turudi kwenye kiyeyushi cha zamani, benzini, ambayo husababisha saratani. Asetoni imepata nafasi yake kwa haki, ila kwa sababu ya usalama zaidi kuliko ujuzi wake wa utomvu. Hata ukaushaji una lake: kiyeyushi kilichobaki hulainisha masalia, na joto la muda mrefu penye hewa huyaoksidisha. Kwa hiyo nikitaka kujua unataji, hukwangua uchafu kwenye wavu na kuupima katika joto la mashine, kabla haujaguswa na kiyeyushi chochote.