Nisomee Tangazo Lako

Tangazo langu la kwanza nililibandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, hapa Endamarariek, Jumatatu moja asubuhi kabla foleni ya madebe ya mahindi haijawa ndefu. Lilikuwa na picha ya mzungu mwenye tumbo lililogawanyika vipande kama mche wa sabuni. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa: PUNGUZA KITAMBI NDANI YA SIKU 14. MWILI WA NDOTO ZAKO UNAKUSUBIRI. Kisha namba ya simu na bei: shilingi 1,000 kwa siku, 15,000 kwa mwezi.

Biashara yenyewe ilikuwa chumba kimoja, zamani stoo ya mahindi ya baba mdogo. Vyuma nilivitengeneza mwenyewe: bomba la chuma, na kila upande kopo la rangi lililojazwa saruji. Nilikuwa na tairi la trekta, kamba za kuruka, mikeka sita na kioo kirefu. Fedha zilitoka kwenye kikundi cha VICOBA cha mama yangu, shilingi 800,000 za kurejesha kwa miezi minane. Mama ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akanidhamini. Kwa hiyo ukisoma habari hii, usinione kama mtu aliyekuwa anacheza.

Miaka minne kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye jimu moja mjini Arusha. Kule matangazo ya namna ile yalijaza chumba. Watu walitoka ofisini, wakapanda gari, wakakaa tena kwenye kiti nyumbani. Tumbo walilichukia, na sisi tulilitaja kila siku ili wasisahau kulichukia. Nilipoamua kurudi nyumbani nilibeba ujuzi wangu, na maneno yale nayo nikayabeba bila kuyakagua.

Pale mashineni walinicheka vizuri tu. Mama mmoja mwenye debe kichwani alisimama, akasikiliza mwanawe akimsomea, akaniuliza, "Mwanangu, nikitaka kuchoka, si nina ekari mbili za maharage?" Mwingine akadakia, "Na hicho kitambi chenyewe kiko wapi? Atuonyeshe tukichume." Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ungefanyaje?

Lakini nilipofika nyumbani nililitazama tangazo kwenye simu yangu na kwa mara ya kwanza nililisoma kama msomaji. "Mwili wa ndoto zako." Hicho ni Kiswahili cha wapi? Hapa kwetu mtu akikukuta baada ya muda mrefu akakwambia "umenenepa", amekusifu. Maana yake umekula, umelala, hakuna aliyekutesa. Akikwambia "umepungua", anashusha sauti na kukuuliza kama unaumwa. Wazazi wetu waliona miaka ambayo kupungua kulikuwa tangazo la msiba unaokuja. Na mimi nilikuwa nimebandika ukutani, kwa herufi kubwa, ahadi ya kuwapunguza watu.

Niliona hilo, ndiyo. Lakini sikulitoa. Wiki ile ile walikuwa wamekuja vijana wanne waliotaka vifua, na dada mmoja aliyekuwa anauza duka la vipodozi. Dada huyo alilipa mwezi mzima mkononi. Alikuwa wa kwanza kulipa mwezi. Aliniambia ana sherehe ya kuagwa baada ya wiki tatu na gauni limeshashonwa. "Tangazo limesema siku 14," aliniambia. "Mimi nakupa hata 20."

Ningemwambia nini? Nilijua, kwa kazi niliyoisomea na kuifanya, kwamba siku 14 za kuruka kamba hazibadilishi mwili wa mtu kiasi hicho. Nilijua pia kwamba mkopo unalipwa tarehe 5. Nikamwambia, "Tutajitahidi."

Sikujua kwamba yeye alikuwa anajitahidi na huku nyumbani. Asubuhi chai ya rangi, mchana hakuna kitu, usiku kipande cha tango. Siku ya tisa, katikati ya kuruka kamba, miguu ilimkatika. Alianguka ubavu kwenye mkeka. Nashukuru ulikuwa mkeka, kwa sababu nusu hatua mbele lilikuwepo kopo la saruji. Tulimpepea, tukamnywesha maji yenye sukari alipozinduka, na kijana mmoja wa bodaboda akamwahisha zahanati akiwa ameshikiliwa nyuma na mwenzake. Jioni alikuwa nyumbani, amekula, anaongea.

Kesho yake mama yake alikuja. Nilimwona tangu mbali akitembea taratibu, kanga mabegani, na nikajiandaa kutukanwa. Nilimsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, baba." Akakaa kwenye tairi la trekta. Akaangalia kioo, akaangalia makopo. Kisha akasema, "Mimi macho yangu hayaoni herufi vizuri. Nisomee tangazo lako."

Nilisoma. Sijui kama umewahi kusoma kwa sauti kitu ulichokiandika, mbele ya mtu kilichomuumiza. Maneno ambayo kwenye karatasi yalikuwa na nguvu yalitoka mdomoni kama uongo wa mtoto. Nilipofika "siku 14" sauti ilipungua yenyewe. Akasema, "Sijasikia hapo." Nikarudia.

Akaniuliza swali moja tu: "Wewe umemwona nani amefanya hivi?"

Nikamwambia sijamwona mtu.

"Basi," akasema, akainuka. Nilimrudishia shilingi 15,000. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Jioni ile nilikwenda kubandua karatasi. Ilikuwa imeshikwa na unga, nikaikwangua kwa kucha.

Sasa, mtu mwenye deni hawezi kukaa bila tangazo. La pili nililiandika nikidhani nimepata hekima. Niliacha wazungu, nikamtafuta mtu wa kwetu. Na kwetu, ukisema mwili, utamtaja nani kabla ya Filbert Bayi? Mzaliwa wa Karatu, aliyekimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili mjini Kingston, Jamaika. Nikaandika: DAMU YA BAYI IKO NDANI YAKO.

Kabla ya kulibandika nilimsomea babu mmoja jirani yetu, maana nilikuwa nimejifunza angalau kusoma kwa sauti kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Bayi namjua," akasema. "Aliinua kopo gani la saruji?" Sikuwa na jibu. Babu akajikanda goti, akafikiri. "Kama lazima uandike mtu, mwandike Akhwari. Yeye angalau goti lilimuuma."

Alikuwa anatania. John Stephen Akhwari wa Mbulu, wilaya ambayo zamani Karatu ilikuwa sehemu yake, alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, na akamaliza wa mwisho akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Kila Mtanzania aliyesoma shule anaijua habari hiyo, na kila mtu ameshaitumia kwenye hotuba. Lakini babu hakuwa anahubiri uvumilivu. Alikuwa anaongelea goti.

Siku zilizofuata sikuandika kitu. Niliuliza watu wanaumwa wapi. Nilikaa kijiweni kwa bodaboda: kiuno, kiuno, kiuno. Nilikaa mashineni: mgongo, kwa sababu ya jembe na debe, na magoti kwa waliopita miaka hamsini. Walimu wawili walinitajia presha. Mzee mmoja sukari. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nacho mbele ya macho siku zote. Wazazi wetu walikwenda mnadani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Siku hizi hata kwenda kununua kiberiti tunaita pikipiki. Kazi ya shamba imebaki, tena ile ya kuinama saa nyingi upande mmoja. Kutembea ndiko kumeondoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama vile kutembea haraka. Bibi yangu alizimaliza siku moja ya mnada.

Jambo jingine lilikuwa jina. "Jimu" kwa akina mama ilikuwa mahali pa mabaunsa. "Mazoezi" yaliwakumbusha hesabu. Nilipowaambia kwamba tutaanza na mchakamchaka mdogo, walicheka, wakaangaliana. Mchakamchaka wanaujua tangu darasa la kwanza, alfajiri, vumbi na nyimbo. Hawakuhitaji kufafanuliwa.

Tangazo la tatu halina picha. Linasema hivi: MGONGO, KIUNO NA MAGOTI. Tunaanza na mchakamchaka, halafu tunajinyoosha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni. Njoo na kanga au suruali yoyote. Mwenye presha au sukari apite zahanati kwanza. Hutapungua ndani ya siku 14. Ukija miezi mitatu bila kukosa, huenda ukainuka kwenye kigoda bila kushika ukuta.

Sitakudanganya kwamba watu walimiminika. Vijana wawili kati ya wale wanne waliondoka, walitaka vifua na siyo viuno. Mwezi wa kwanza nilipata akina mama watano na bodaboda watatu, na bodaboda mmoja analipa kwa kunibeba. Deni la miezi minane nililimaliza kwa miezi kumi na moja, nikauza mbuzi wawili, na kwa miezi ile mitatu mama yangu alikaa kimya kwenye vikao vya kikundi chake, yeye ambaye hajawahi kukaa kimya popote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbuzi.

Yule dada hakurudi. Sherehe yake ilifanyika na gauni lilimkaa, maana fundi aliliachia kidogo pembeni. Tukikutana dukani ananisalimia vizuri, na mimi najikuta naongea haraka haraka.

Wiki iliyopita mvua ililoanisha karatasi pale ukutani, nikaandika nyingine. Nilimsomea mwenye mashine kabla ya kupaka gundi. Alisema neno "huenda" linanifukuzia wateja. Labda kweli. Nikampa brashi ashike, nikalibandika hivyo hivyo.