Mtoto anapougua na wewe huwezi kusema ‘Mungu ni mwema’

KILA Jumapili kabla ya mahubiri, mchungaji wa usharika mmoja jijini Mwanza husalimia waumini kwa maneno yaleyale: “Mungu ni mwema!” Kanisa zima huitikia: “Wakati wote!”

Kuna kipindi mama mmoja wa kwaya alikuwa akifumba mdomo hapo. Hakuna aliyegundua. Aliimba sauti ya pili kama kawaida, akatoa sadaka, akasalimiana na watu mlangoni. Ila maneno hayo mawili hayakumtoka.

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka minne mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita siko seli.

Usiku wa kuamkia Jumapili moja, saa tisa hivi, mtoto aliamka akilia. “Mama, miguu.” Mama alipasha maji, akamkanda kwa kitambaa cha vuguvugu, akampa dawa ya maumivu na maji ya kunywa. Baba alisimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, akisubiri kuambiwa kama waende hospitali au wangoje. Mama alijaribu kuomba. Alichoweza kusema ni “Bwana”, basi. Neno la pili halikuja.

Asubuhi maumivu yalipopungua, mtoto akauliza: “Mama, Mungu amenikasirikia?”

Alikuwa amesikia kwa watu wakubwa. Ukoo haukuwa umekaa kimya tangu ugonjwa ulipojulikana. Mtoto alikuwa na miezi minane vidole vya mikono na nyayo vilipovimba. Zahanati walimtibu malaria mara mbili. Kipimo cha damu kilipofanyika hospitali kubwa, jibu likawa selimundu.

Daktari alieleza vizuri. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, hujikunja kama mundu, na ndiko jina lilikotoka. Zikijikunja huziba mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Mtoto hupata ugonjwa huu baada ya kurithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, wasijue kwamba wameibeba. Wakiwa wote wawili wameibeba, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Lakini maelezo ya daktari yalibaki hospitali. Wifi alisema ugonjwa umetoka upande wa mama. Jirani alisema kuna dhambi ya ujana ambayo haijatubiwa. Mwanamama mmoja wa kikundi cha maombi alikwenda mbali zaidi: kama kweli mama ana imani, aache vidonge, maana huwezi kumwamini Mungu huku umeshika dawa mkononi.

Mama aliacha. Alificha kabatini penisilini, ambayo mtoto alipewa kumkinga na maambukizi, pamoja na foliki asidi inayosaidia mwili kutengeneza damu. Hakumwambia mume wake. Alifunga, akakesha, akasubiri.

Wiki ya tatu mtoto alipata homa kali na kuanza kupumua kwa shida. Viganja vilikuwa vyeupe. Walifika hospitali usiku, akalazwa, akaongezewa damu. Mama alikaa pembeni ya kitanda akiangalia matone yanavyoshuka, na kilichomuumiza zaidi ya ugonjwa ni kile alichokificha kabatini.

Siku ya tatu wodini, umoja wa wanawake wa usharika ulimtuma bibi mmoja, muuguzi mstaafu, ampelekee uji. Bibi huyo hakusema “mshukuru Mungu kwa kila jambo”. Hakuuliza mtoto amekosewa nini. Alimimina uji kwenye kikombe, akaketi, akamwambia: “Kunywa kwanza, mwanangu.”

Mama akalia. Akasema yote, pamoja na habari ya kabati. Mwisho akasema: “Bibi, mimi kule kanisani siitikii tena. Na ule wimbo wa Ni Salama Rohoni Mwangu siwezi kuuimba. Naona ninadanganya.”

Bibi alimuuliza kama anamjua aliyeutunga. Mama hakumjua. Alijua tu kwamba huimbwa misibani.

Basi bibi akamsimulia habari za Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, Marekani. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, na mali alizokuwa amewekeza zikapotea. Novemba 1873, mkewe Anna na mabinti zao wanne walisafiri kwa meli kwenda Ulaya, naye akabaki nyuma kwa shughuli za kazi. Katikati ya bahari ya Atlantiki meli yao, Ville du Havre, iligongana na meli nyingine na kuzama. Watu 226 walikufa, na mabinti wote wanne walikuwa miongoni mwao. Anna aliokolewa akiwa anaelea juu ya ubao, akampelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kuwa amepona peke yake. Wimbo ule ulitokana na msiba huo.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, wakasema: tazama imani! Bibi hakuishia hapo.

Alisema baadaye Mungu aliwapa watoto wengine, na mmoja wao, mtoto wa kiume, akafa mwaka 1880 kwa homa nyekundu. Safari hii, badala ya kufarijiwa tu, wazazi hao walisikia wapo watu kanisani wanaosema kwamba misiba yao ni adhabu ya Mungu. Spafford alikataa kuamini hivyo. Mwaka 1881 walihamia Yerusalemu, wakaishi na wenzao wachache wakihudumia maskini na wagonjwa bila kuuliza ni wa dini gani. Yeye mwenyewe alifia huko mwaka 1888, kwa malaria.

“Umesikia?” bibi akasema. “Hata mwenye wimbo aliambiwa ni dhambi zake. Huko peke yako.”

Kisha akasema jambo ambalo mama huyo anasema hatalisahau. Homa nyekundu husababishwa na bakteria wanaoanzia kooni. Mwaka 1880 wazazi hawakuwa na la kufanya. Penisilini ilikuja kugunduliwa mwaka 1928, na leo ndiyo hutibu homa hiyo. “Yule baba angetoa kila alichonacho apate kidonge kimoja cha hizo ulizoficha kabatini. Sasa wewe unadhani hizo dawa zimetoka kwa nani?”

Mama hakuwa na jibu. Jioni ile mume wake alipokuja, alimweleza. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: “Tungeomba pamoja, tungempa dawa pamoja. Usinifiche tena.”

Maneno ya bibi hayakuondoa swali. Hakuna aliyemweleza mama kwa nini ni mtoto wake na si wa mwingine, na hajapata jibu hadi leo. Kilichobadilika ni namna anavyolibeba. Alirudi kwenye Biblia yake, akasoma sura ya 9 ya Injili ya Yohana, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Yesu anakataa kumtupia lawama yeye au wazazi wake. Alisoma sura ya 11, Yesu akimlilia Lazaro ingawa alijua atamfufua. Alisoma Zaburi ya 13, inayoanza kwa malalamiko, mwenye kuomba akimuuliza Mungu atamsahau hata lini. Aligundua kwamba kumlalamikia Mungu bado ni kuzungumza naye. Lile “Bwana” moja la saa tisa usiku lilikuwa sala kamili.

Na swali la mtoto alilijibu. Alimpakata akamwambia: “Mungu hajakukasirikia. Damu yako inaumwa. Mungu anakupenda, na mimi na baba tunakupenda, na ndiyo maana unakunywa dawa.”

Leo binti ana miaka sita na yuko darasa la kwanza. Daktari alimwongezea haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, naye huenda kliniki kupimwa damu mara kwa mara. Analala ndani ya chandarua kila usiku, maana malaria kwa mwenye selimundu ni hatari zaidi. Ana chupa yake ya maji shuleni, na mwalimu ameombwa amruhusu kwenda kujisaidia bila kumbana, pia asimwache kwenye baridi au jua kali. Kwenye meza ya sebuleni, Biblia na kopo la dawa vimekaa pamoja. Sala ya jioni ikiisha, dawa hutolewa.

Wazazi wenye mtoto kama huyu wakumbuke kwamba homa si ya kusubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja akipata homa, akipumua kwa shida au kifua kikiuma, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, akishindwa kusogeza mkono au mguu, au maumivu yakikataa kutulia kwa dawa. Maombi yanaweza kuendelea mkiwa njiani.

Na sisi tunaokwenda kuwaona wenye wagonjwa, tupunguze maneno. Mzazi aliyekesha hahitaji kuambiwa sababu ya mateso yake na mtu aliyelala. Uji, nauli, au kumkalia mtoto saa mbili ili mama akaoge, hayo humsaidia aone kwamba Mungu hajamwacha.

Mama huyo bado ana usiku mbaya. Mwezi uliopita walikesha tena, yeye na mume wake wakipokezana kumkanda mtoto miguu. Karibu na alfajiri binti alimwomba aimbe, naye akaimba ubeti mmoja wa wimbo ule kwa sauti ya chini, akashindwa kuendelea kwa sababu ya machozi. Mtoto alikuwa ameshalala.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisalimia kama kawaida. Mama, akiwa amempakata binti yake, aliitikia taratibu. Binti aliitikia kwa nguvu, kuliko benchi zima.