Zebaki, Karafuu na Mwanga wa Buluu

Anayesimuliwa hapa ndiye anayesimulia. Amejiita tabibu, akajitazama kwa mbali, maana akikumbuka miaka yake ya kuziba meno, zinazomjia kwanza ni dawa zilizopita mikononi mwake.

Alianza kazi Tanzania katika miaka ya 1980, amalgamu ikiwa ndiyo mfalme wa magego. Unga wa fedha, bati na shaba ulisagwa pamoja na zebaki kwa kinu kidogo na mchi, na zebaki peke yake ilikaribia nusu ya uzito wote. Rojo lilitiwa kitambaani likakamuliwa, na zebaki iliyozidi ikachuruzika mezani kama shanga zilizokatika uzi. Wakubwa wake kazini walilikanda kiganjani, mikono mitupu. Hakuna aliyeugua siku hiyohiyo, basi hakuna aliyeogopa.

Kumbe hatari haikuwa ya kuonekana. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, hutoka hata chumba kikiwa na joto la kawaida, na anayeuvuta miaka nenda miaka rudi huweza kudhurika mishipa ya fahamu na figo. Anayeuvuta zaidi ni mchanganyaji, si mgonjwa.

Muuguzi mmoja alichanganya bila kuvua pete ya ndoa. Dhahabu na zebaki hushikana upesi. Jioni pete ilikuwa nyeupe upande mmoja, na nyumbani akawa na maelezo ya kutoa.

Baadaye zikaja kapsuli: unga na zebaki vimetengwa ndani yake, mashine inavitikisa kwa sekunde chache, na mkono haugusi kitu. Tabibu akajifunza na adabu ya taka. Mabaki huwekwa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, hayamwagwi sinki. Jino lililong'olewa likiwa na amalgamu halitupwi kwenye tanuri la kuchomea taka, kwani moto huigeuza zebaki kuwa mvuke na bomba la moshi likawagawia majirani.

Chumba chenyewe kilinukia karafuu. Kiini cha mafuta yake, yujenoli, kikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutoa sementi ya muda inayotuliza jino linalouma. Mzee mmoja wa Pemba alikaa kitini, akavuta pumzi, akacheka: "Dokta, nimevuka bahari kuja kutiwa karafuu za shambani kwangu?"

Vijijini tatizo lilikuwa jingine. Umeme haukuwepo, mashine ya kutoboa haikuwepo, na kauli ya wagonjwa ilikuwa moja: "Ng'oa tu." Katikati ya miaka hiyo ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake, katika shule ya tiba ya meno jijini Dar es Salaam, walianza kusafisha matundu kwa vifaa vya mkono pekee na kuyaziba kwa sementi. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi ART, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Sementi iliyoibeba ni glasi-ionoma, kazi ya Alan Wilson na Brian Kent wa Uingereza, nayo iliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu mwaka 2021.

Hiyo ndiyo dawa aliyoipenda tabibu, ingawa haina subira. Kijiko cha unga kinasawazishwa. Chupa ya maji yake inapinduliwa wima ili tone lisiwe na kiputo cha hewa. Kuchanganya ni chini ya nusu dakika, na joto la pwani huharakisha kuganda. Rojo liingie tundu likiwa bado linang'aa. Likififia linatupwa, kwani halitashika jino. Kisha kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini kinakandamiza, na mgonjwa anaambiwa asile kwa saa nzima.

Resini za rangi ya jino zilileta mwanga wa buluu wa kuzikausha, na masharti yake. Hupangwa tabaka kwa tabaka, takriban milimita mbili kila moja, huku macho yakikingwa kwa kioo cha rangi ya chungwa. Sementi ya karafuu ikiwa chini yake, resini huenda isikauke vizuri. Na ikiwa mbichi hupenya glavu za mpira: aliwaona wenzake waliotokwa na ukurutu vidoleni. Ikidondokea glavu, vua, nawa, vaa nyingine.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuachana na amalgamu ifikapo 2034. Wagonjwa waliosikia humwomba awatolee za zamani zote. Hukataa kama kizibo ni kizima, kwani kukitoboa ndiko kunakofumua mvuke. Mwaka huo ukifika, magego aliyoyaziba yatakuwa bado vinywani mwa watu, na watakaoyashughulikia ni wanafunzi wake. Ndiyo maana bado anawafundisha kukitoa kizibo kilichoharibika: madirisha wazi, maji mengi, kifyonzi karibu na jino, na kukata vipande vikubwa badala ya kusaga.